Matanga ya Pili ya Roda

Mwanangu Roda alizikwa hapa Ihanda siku ya mvua nyepesi, kahawa zikiwa bado kijani mitini, na chakula cha msiba wake kilimwagwa chini.

Kwetu mtu akishafukiwa, waliochimba kaburi na waliolia hukaa wakala pamoja kabla ya kutawanyika. Si lazima kiwe chakula kikubwa. Ugali na maharage vinatosha, na nyama kama ipo. Lakini watu wasipokula, msiba haujafungwa. Mnakuwa mmemfukia mtu tu, kama mnavyofukia mbwa.

Wanawake walikuwa wamekwisha kuipua. Mimi nilikaa kwenye mkeka na mjukuu wangu Ikupa, mtoto wa Roda, aliyekuwa bado hajaanza shule. Ndipo akasimama Ezron. Ezron ni kaka mkubwa wa Lusubilo, marehemu mume wa Roda, kwa hiyo kwa Ikupa ni baba mkubwa. Alikuwa na koti jeusi na viatu vya kung'aa, akasimama kati ya masufuria na watu.

"Jamani," alisema, "mimi nimeshamzika mdogo wangu kwa ugonjwa ambao mwanamke huyu aliutoa Tunduma. Sitaki kuzika wengine. Mwenye kupenda watoto wake asile hapa."

Kisha akalisukuma sufuria la maharage kwa mguu, likapinduka kwenye matope.

Watu waliondoka mmoja mmoja, wengine bila hata kuniaga. Jirani yangu Felista peke yake ndiye aliyechota tonge kwenye ugali uliobaki, akasimama mbele ya Ezron, akalitafuna taratibu mpaka likaisha. Mpaka leo Felista akiniomba chochote, nampa.

Kuhusu Tunduma, ni kweli Roda alipika huko chakula cha madereva wa malori, nyuma ya duka la vitenge la mama mmoja mtu wa Kondoa, anaitwa Fatu. Lakini Lusubilo naye alikuwa utingo wa malori yanayokwenda Zambia hadi Kongo, na njia ile ina vituo vingi vya kulala. Nani alimletea mwenzake, Mungu anajua. Lusubilo alitangulia kufa. Arobaini haijafika, Ezron akachukua shamba lake la kahawa, akasema ni mali ya ukoo, akamwambia Roda arudi kwa mama yake. Ulikuwa wakati ule ushirika umeshakufa na wanunuzi binafsi wamejaa hadi Nanyala. Ezron alikuwa wakala wao. Mizani ilikuwa nyumbani kwake, na sisi wote tulipeleka kahawa kwake. Nani angemwambia kitu?

Roda alipolala kitandani kwangu, Ezron alikuja kumwona mara moja. Sitasema hakuja. Alileta sukari. Alisimama mlangoni, kitambaa puani, akamtazama, halafu akanivuta pembeni.

"Mama, msihangaike," aliniambia. "Ugonjwa huu hauna dawa. Dunia nzima haipo. Mwombeni Mungu tu."

Nilimwamini. Nilimshukuru hata, kwa sababu alisema kwa sauti ya huruma. Nikauza mbuzi wa mwisho, si kwa ajili ya hospitali, bali nimnunulie mwanangu maziwa na blanketi zuri la kufia.

*

Miaka ikapita. Nililima kipande changu cha mahindi, nikamlea Ikupa. Alikuwa mtoto wa kucheka. Alipofika darasa la tatu akaanza kukonda. Homa ikawa haiondoki, vidonda vikamjaa mdomoni mpaka uji ukawa unamliza. Nikampeleka hospitali. Muuguzi mmoja kijana, baada ya kumpima, alitoka na kiti chake mwenyewe akanikalisha, akampa Ikupa andazi lake la saa nne, ndipo akanieleza. Alikuwa na ugonjwa wa mama yake.

"Basi amekwisha," nikasema.

"Hapana, bibi. Dawa zipo. Hapa kwetu bado hazijafika, wanasema zinakuja. Wenye uwezo wanazifuata Lusaka na Dar es Salaam."

"Zimeanza lini hizo?"

Akafikiri. "Zina miaka mingi, bibi. Kwa wenzetu zina miaka mingi."

Nilitoka pale. Sikwenda nyumbani. Nilipanda gari la Tunduma na mtoto wangu mgongoni, mtoto wa darasa la tatu aliyebebeka kama wa miaka minne, nikaenda kwa Fatu. Sikuwa na mtu mwingine anayejua mambo ya ng'ambo.

Fatu alifunga duka mchana ule, siku ya soko, akamlaza Ikupa juu ya marobota ya vitenge, akamkorogea uji wa ulezi na kuupoza kwa kuumimina toka bakuli hadi bakuli. Nilipomuuliza kuhusu dawa alitazama mlango kwanza.

"Zipo, bibi. Mume wangu Saidi anawaletea watu akitoka Lusaka na lori. Wenye magari, wenye nyumba za wageni. Kila mwezi unalipa, na ukikosa mwezi mmoja umejiharibia. Ndiyo maana sikuwahi kukwambia habari za Roda. Ningekwambia nini? Sisi wenyewe tusingeweza. Ni wao tu. Hata huko kwenu Ihanda yupo mmoja, tangu kabla Roda hajafa..."

Akajiziba mdomo.

"Nani?" nikauliza.

"Nimekosea, bibi. Ulimi wangu."

"Nani, Fatu?"

Akalia kabla hajasema. "Yule wa mizani."

Sikulia mimi. Nilikaa namtazama Ikupa akinywa uji. Nilikuwa nafikiri ile sukari, na kile kitambaa puani. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu na dawa tumboni mwake, akiniambia dunia nzima haipo. Na kilichomnunulia ni nini? Kahawa ya lile shamba. Mwanangu aliipalilia, mwanangu aliichuma akiwa na mimba, nayo ikampa uhai mtu aliyekuja kumwaga maharage yake.

Fatu alinishika mikono yote miwili. "Bibi, niapie. Usimtangaze. Siri ya mgonjwa ni amana. Ukiitoa hii, wengine wote wanaomtuma Saidi wataogopa, wataacha dawa, watakufa. Nao wana watoto."

Nikamwapia. Nilisema kinywa changu hakitatamka kwamba Ezron ni mgonjwa, wala mbele ya watu wala faraghani. Niliapa nikimaanisha. Lakini sikuapa kwamba nitamsamehe, na Fatu hakuniomba hilo.

*

Watu wa hapa wananiita mpole, na ni kweli. Sijawahi kugombana na jirani hata kwa ajili ya kuku. Kwa hiyo asubuhi moja Ezron, akigeuza buni kwa mikono kwenye vichanja vyake vya kuanikia kahawa, aliponiona nimesimama hapo hakushtuka. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vijiji na yeye alikuwa anautaka uenyekiti. Alikuwa akisalimia kila mtu, hata sisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje na dawa za Lusaka?"

Mikono yake ikasimama ndani ya kahawa.

"Dawa gani, mama?"

"Zile ambazo dunia nzima haipo."

Alitazama huku na huku. Mke wake alikuwa kisimani. Alishusha sauti. "Nani amekwambia?"

"Umeniambia wewe sasa hivi. Tazama uso wako."

"Unataka nini? Sema. Nitakusaidia mahindi. Nitakujengea choo."

"Nataka matanga ya mwanangu."

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze kama ninavyomweleza mtoto. Nikamwambia msiba wa Roda haujafungwa, kwa sababu watu hawakula, nao hawakula kwa neno lake. Atachinja ng'ombe wake. Atawaalika watu yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Ugali atausonga yeye, si mke wake, na maharage atayapika yeye. Ataketi ale sahani moja na Ikupa. Na mbele ya wazee atasema shamba la Lusubilo ni la Ikupa, kuanzia msimu huu.

"Mimi nisonge ugali msibani? Mwanamume mzima, wakati wa kampeni? Watanicheka!"

"Watacheka, ndiyo."

"Mama, watu wanakusema wewe ni mpole."

"Ningekuwa mkali tungeonana kwenye mkutano wako Jumamosi."

Akakaa kwenye ukingo wa kichanja. Kwa kitambo alionekana mzee kuliko mimi. Kisha akasema neno ambalo nadhani lilitoka moyoni kweli. "Ningemwambia Roda, ningempa nini? Zile ni za mtu mmoja, mama. Kahawa ile haikutosha watu wawili."

"Kahawa ile ilikuwa ya nani, Ezron?"

Nikamwacha na buni zake.

Nataka nieleweke. Nilipokuwa narudi nyumbani sikuwa na uchungu. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa sijawahi kumtisha mtu maishani, na niliona ni kazi nyepesi, na tamu.

*

Walikuja kwangu watu wengi kuliko siku ya mazishi yenyewe. Ng'ombe ana sauti kubwa, na tena habari ilikuwa imeenea kwamba Ezron atashika mwiko. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Fatu alifika kutoka Tunduma na ndoo ya vitunguu, akakaa nami kwenye mkeka. Wanawake walimzunguka Ezron pale mafigani, wengine wamebeba watoto ili nao waone.

"Mheshimiwa, huo mwiko unasonga au unachimba mtaro?" Felista alimuuliza.

"Niacheni, jamani, moshi unaniumiza."

"Moshi? Sisi tunaunywa tangu tumezaliwa. Piga ugali huo! Ukiwa na mabonge hatukupi kura."

"Mvueni koti, atajipika!" akasema mwingine, nao wakaangua kicheko mpaka wazee wakacheka. Jasho lilimtiririka likaingia kolani. Nilimtazama bila kupepesa. Kila walipocheka nilijisikia kama mtu anayekunywa maji baada ya safari.

Alisema habari ya shamba mbele ya mzee Ambilikile, mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda wake. Alisema kwa sauti ndogo, nikamwambia arudie, akarudia. Kisha akaketi chini na Ikupa, sahani moja kati yao. Vidonda vya mdomoni vya Ikupa vilikuwa wazi kwa kila mtu. Mtoto alimega, Ezron akamega. Uwanja wote ulimtazama anavyomeza. Alimeza. Watu nao wakaanza kula.

Ningetosheka hapo. Nadhani ningetosheka. Lakini Ezron ni mtu wa mizani, anajua kugeuza hasara. Aliosha mikono, akavaa koti lake, akasimama.

"Ndugu zangu, mmeona kwa macho yenu. Mimi nimekula na mtoto mgonjwa. Zamani tulikuwa gizani, sote, hatukujua. Sasa dunia imebadilika. Kijiji chetu kinataka kiongozi asiyebagua wagonjwa, kiongozi anayepika kwa mikono yake..."

Wakampigia makofi. Wale wale walioondoka siku ile bila kuniaga, wakapiga makofi. Mzee Ambilikile akatikisa kichwa, akamwambia aliye karibu, "Huyu ndiye." Nikaona mwanangu amelala kule chini na huyu mtu amekanyaga kaburi lake apate kimo cha kuonekana vizuri.

Nikasimama. Fatu alinivuta upindo wa kanga. "Bibi, uliapa," alininong'oneza.

"Nakumbuka," nikamwambia. Kisha nikapaza sauti. "Nina swali kwa mgombea."

"Uliza, mama yetu, uliza tu!" alisema Ezron, huku akitabasamu kwa watu. Macho yake hayakutabasamu.

"Umesema sote hatukujua. Siku ulipokuja kumwona Roda nyumbani kwangu, ulisema nini kuhusu dawa?"

"Nilisema... nilisema hakuna. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa."

"Mimi kweli nilikuwa sijui. Felista alikuwa hajui. Mzee Ambilikile alikuwa hajui. Na wewe Ezron, ulikuwa hujui?"

Tabasamu likaondoka. Akanitazama, nami nikamtazama. Alikuwa anajipimia moyoni. Akisema hakujua, huyu bibi ataeleza yote. Ndivyo alivyodhani. Nami nisingeeleza. Nilikuwa nimeapa, na kama angesema "sikujua" ningekaa chini nikanyamaza, naye angekuwa mwenyekiti wetu. Hakuwa na habari ya kiapo changu. Alizoea kukisia watu kwa moyo wake.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Ulijuaje?" Hilo hakuuliza mtu mwingine ila Felista, mkono wake ukiwa na tonge hewani.

Ezron alilitazama tonge lile. "Nilikuwa nazinywa," akasema.

Nzi walisikika juu ya nyama. Mke wake, aliyekuwa anagawa maji, aliweka jagi chini polepole akaingia ndani ya nyumba yangu, akafunga mlango. Kumbe hata yeye alikuwa hajui.

"Ukaacha shemeji yako aoze," Felista akasema, "na wewe una kidonge mfukoni? Ukatumwagia chakula?"

Waliokaa karibu na Ezron wakaanza kusogea. Mwanamke mmoja alimpokonya mwanawe kipande cha nyama. Hapo nikapiga kelele, mimi ambaye sipigi kelele.

"Rudini mkae! Ugonjwa wake haumo kwenye sufuria. Hata wa Roda haukuwamo. Mtakula chakula cha mwanangu chote leo."

Wakarudi. Sijui kama ni kwa aibu au kwa kuniogopa. Walikula mpaka wakakwangua ukoko. Ezron alibaki amesimama peke yake katikati ya watu wanaotafuna, bila mtu kumwangalia usoni. Nikamwendea na sahani.

"Kula," nikamwambia. "Hujamaliza."

Alikaa chini akala, machozi yanaingia kwenye mchuzi. Nilisimama juu yake mpaka akamaliza.

*

Uenyekiti hakuupata. Kampuni ya kahawa ilihamishia mizani kwa mtu mwingine, kwa sababu watu hawakutaka tena kumpelekea kahawa. Wengine walimchukia kwa ajili ya Roda, wengine waliogopa tu ugonjwa. Sikuwachagulia sababu.

Fatu alikasirika. Siku ile hakulala kwangu kama tulivyopatana. "Hukusema, bibi, lakini ulimsemesha," aliniambia akipanda gari. Baadaye nilisikia kwamba wawili kati ya waliokuwa wakimtuma Saidi waliacha kuja. Hilo linaniuma, na nawaombea. Nilimpelekea Fatu debe la maharage mapya. Alilipokea, akaniuliza habari za Ikupa, akamtumia kitenge. Hakuniuliza kama moyo wangu umepoa.

Dawa za bure zilipofika hospitali, Ikupa alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza. Yule muuguzi wa andazi alituma mtu kwa baiskeli kuniita. Tangu hapo kila mwezi tunakwenda, tunakaa kwenye benchi la nje, tunangoja kuitwa. Benchi lile huwa limejaa watu wa kila namna, wakulima wa Ibaba walioteremka milimani, akina mama wa sokoni, vijana wa malori. Hakuna aliyetumiwa dawa kwenye lori. Wote wanangoja.

Mwezi uliopita Ezron alikuja. Shamba halipo tena mikononi mwake, Lusaka imekuwa mbali. Alikuwa amekonda, koti lile lile jeusi linamning'inia. Alisimama kwenye jua akitafuta pa kukaa, na watu wakajifanya hawamwoni. Mimi pia.

Ikupa akanisukuma kwa nyonga, akajibana. Mashavu yake yamerudi, na anasukuma kwa nguvu.

"Kaa hapa, baba mkubwa."

Akakaa. Sikumgombeza mtoto. Alivyo ndivyo mama yake alivyokuwa.

Tulikaa muda mrefu, Ikupa katikati yetu. Mwishowe Ezron akasema bila kunitazama, "Mama, najua unaniombea nife."

"Hapana," nikasema. "Nakuombea uzima. Nakuombea dawa zikukubali, uishi mpaka uzeeke."

"Asante, mama. Mungu akubariki."

Nikamwacha aamini anachotaka. Lakini nilisema kweli. Nataka aishi. Nataka kila mwezi aje akae kwenye mbao hizi bila koti la kumficha, jina lake liitwe kwa sauti mbele ya watu, na kila mara mtoto wa Roda amsogezee nafasi kwa moyo mweupe, ili asipate hata mtu mmoja wa kumkasirikia. Kufa kungempumzisha mapema mno.

Muuguzi akatoka mlangoni, akatabasamu alipotuona, akaita jina la Ikupa kwanza. Nikamshika mjukuu wangu mkono, tukaingia, tukamwacha Ezron nje akingoja zamu yake.